Nilivyopiga Yowe kwa Ajili ya Fahali wa Kitabuni

Wenzangu wengi walistaafu na kiuno kibovu. Mimi nilistaafu na sauti. Hata leo nikimwita mjukuu wangu aje kunywa uji, wanakuja watoto watatu, na wawili kati yao si wa kwangu. Kwa hiyo ninyi vijana mnaoanza kazi ya kupima pamba, mliokuja kuniomba niwasimulie ya zamani, sogezeni viti nyuma kidogo. Masikio bado mnayahitaji.

Sauti yenyewe niliipata kazini, na ndiyo iliyotaka kunitoa kazini. Siku hizi mizani inaandika namba kwa taa nyekundu, kila mtu anajisomea hata akiwa barabarani. Yetu pale Ngulyati ilikuwa ya chuma, ya rula na kijiwe cha kusogeza, na aliyeona namba alikuwa mpimaji peke yake. Sasa fikiria mkulima. Amelima tangu mvua za kwanza, amepalilia, amepulizia dawa, amechuma na wanawe mpaka vidole vimechubuka, halafu wewe unainama kwenye rula na kumnong'oneza uzito. Atakuamini vipi? Ndiyo maana utaratibu wetu ulikuwa kupaza. Ukishasoma, unasimama wima na kutangaza jina la mtu na kilo zake mpaka wa mwisho kwenye foleni asikie.

Aliyenifundisha ni Mzee Luhende, mpimaji wa kwanza wa kituo kile. Alikuwa ananiacha kwenye mizani, yeye anakwenda kusimama kule kwenye josho la ng'ombe, mwendo wa kutosha kumaliza muwa mzima. Akinisikia ananyoosha mkono. Asiponisikia hanyooshi, nami narudia. Wiki ya kwanza mkono ule haukunyooka hata mara moja, nikadhani ana ugonjwa wa bega.

Mzee Luhende hakusoma shule zaidi ya kujua namba, lakini pamba aliisoma kwa meno. Hili lishikeni, maana linafaa hata leo. Usiguse pamba ya juu ya gunia, ile imewekwa hapo ikupendeze. Ingiza mkono mpaka kwenye kwapa, toa pamba ya katikati, chukua mbegu moja uing'ate. Ikilia na kuvunjika, pamba ni kavu. Ikibonyea kimya kimya, mtu huyo amekesha akiimwagia maji ili iwe nzito, na usimtazame usoni, mwambie tu akaianike. Mzee alikuwa ameng'ata mbegu miaka mingi kiasi kwamba jino lake la mbele lilikuwa na kijishimo. Na mimi ninacho, hiki hapa, tazameni. Basi inatosha, msiniangalie meno kama mnanunua ng'ombe.

Hujuma nyingine zilikuwa za kuchekesha tu. Mara moja niliingiza mkono nikatoa jiwe la kusagia, zima, bado lina unga. Mwenye gunia hata hakushtuka. Alilipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akasema mkewe amelitafuta tangu masika na nyumbani wamekula ugali wa mabonge kwa sababu hiyo. Akaliweka chini, akaniambia niendelee kupima. Nilimwangalia Mzee Luhende, Mzee Luhende akaangalia josho.

Sasa, zamani pamba ilikuwa na mlango mmoja tu. Ukishachuma unapeleka chama cha msingi cha ushirika, upende usipende. Halafu ikaja ile miaka ya ruksa na soko huria, na msimu mmoja tukaamka tukakuta lori la bluu limeegeshwa ng'ambo ya barabara, mkabala na ghala letu. Tajiri wake sikuwahi kumwona. Nilimwona mpimaji wake, kijana wa mjini anaitwa Shija, amevaa miwani ya jua na viatu vya ngozi kwenye vumbi lile. Alikuwa na mizani mpya, redio ya kaseti kubwa kama kreti, na ndoo ya juisi ya unga ya rangi ya chungwa. Ukileta pamba kwake unapewa kikombe. Jamani, watu wetu walikuwa hawajawahi kuuza kitu wakapewa juisi. Foleni yetu ikaanza kuvuka barabara, tena watu wazima na akili zao, midomo imekuwa ya chungwa.

Katikati ya msimu mwenyekiti wa chama akaja na baiskeli yake. Hakushuka hata kwenye tandiko. Alituambia kwamba ghala lisipojaa mwaka huo kituo kitafungwa, mizani itachukuliwa, Mzee Luhende atapumzika na mimi nitarudi kwetu Migato. Akapiga kengele, akaondoka.

Niwaambie ukweli, nililia nyuma ya magunia. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika mizani pale. Wakati naanza, kuna wazee walikuwa wanasubiri nimalize kutangaza, halafu wanamuuliza Mzee Luhende kama kilo za mwanamke ni zile zile. Nilikuwa nimehangaika mpaka wakaacha kuuliza. Kurudi Migato kushika jembe si aibu, ndilo lililonilea, ila mizani ile nilikuwa naipenda. Sikutaka kuiacha kwa sababu ya juisi.

Kitabu kilikuja wiki hiyo hiyo, na sikukitafuta. Nilikwenda Bariadi mjini kununua uzi wa kushonea magunia. Pale Somanda, karibu na hospitali, kulikuwa na mama muuza karanga, anachana kitabu na kufungia karanga zake. Nikanunua karanga nikala, halafu nikasoma ile karatasi. Nikacheka, nikarudi kununua karanga nyingine ili nipate ukurasa unaofuata. Nilipofika mfuko wa tatu yule mama akanionea huruma, akanipa kitabu chote kilichobaki. Jalada halikuwepo, jina halikuwepo, na kurasa kumi na sita za mwanzo zilikuwa zimeshaondoka na karanga za watu.

Kilikuwa kitabu cha vijana, cha kuchekesha. Msichana mmoja, Chausiku, na bibi yake wanawafukuza wezi wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, waliomwiba fahali wa bibi. Fahali anaitwa Bwana Harusi. Ili wapite kwenye vizuizi vya polisi, wale wezi wamemvalisha Bwana Harusi gauni la maua, wamemfunga kitambaa kichwani, wamemwegemeza kwenye lori katikati ya magodoro, na kila wakisimamishwa wanasema ni shangazi yao mgonjwa. Askari anachungulia, anasema pole shangazi, na Bwana Harusi anajibu mmmh. Askari anasema kweli huyu kazidiwa, piteni haraka.

Wajukuu zangu, mimi sikuwa nimewahi kusoma kitu kwa raha. Shuleni tulisoma ili tusichapwe. Kitabu hiki nilikisoma nikipika, mboga ikaungua. Nilikisoma nikitembea, nikaingia kwenye ua wa jirani nikamwamkia mbuzi. Asubuhi yake nikakificha chini ya rula ya mizani, nikawa naiba mstari mmoja kati ya gunia na gunia. Na hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilipima gunia la mzee mmoja, jicho moja kwenye rula na jingine kwenye ukurasa, nikasimama wima nikatangaza kwa sauti yote niliyofundishwa: kilo sabini na mbili na gauni.

Mwenye gunia akauliza, kwa adabu kabisa, hilo gauni ni lake au ni la chama. Mzee Luhende akaja kuchungulia mizani, akakiona kitabu, akakinusa. Ikabidi niungame. Wakataka kusikia. Nikawasomea ukurasa mmoja, nikaugeuza palepale kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee, na kufikia ile mmmh ya Bwana Harusi mama mmoja alikuwa ameshakaa chini kwa kucheka na hakuweza kunyanyuka.

Ninyi mnadhani watu wa foleni walisikiliza kimya? Wale ni wafugaji. Walimjadili Bwana Harusi kama anataka kuuzwa mnadani. Waliuliza rangi yake, kitabu hakikusema, wakamlaumu mwandishi kwa uzembe. Waliuliza pembe zake zimepitaje kwenye kitambaa. Mzee mmoja alisema fahali wa kweli angelila lile gauni kabla ya kizuizi cha kwanza. Mama mwingine akamjibu kwamba inategemea ni la kitambaa gani. Kuna mwalimu alipita akasema kitabu hicho ni cha watoto wa darasa la sita. Hakuna aliyehama. Mwalimu mwenyewe alikaa mpaka saa nane.

Hapo nikagundua ufundi ambao hakuna aliyenifundisha. Kitabu cha namna ile usikisome mpaka mtu ashibe. Kikate pale patamu. Askari ananyoosha mkono kuinua kitambaa cha shangazi, wewe unafunga kitabu na kuita gunia linalofuata. Mtu aliyekuwa amekusudia kwenda kunywa juisi atarudi kesho na gunia jingine ili ajue kama kitambaa kiliinuliwa. Someni polepole, pumueni kabla ya neno la kuchekesha, na ninyi wenyewe msicheke kwanza, waacheni wenzenu watangulie. Mimi hili la mwisho lilinishinda, ila ninyi jaribuni.

Basi foleni ikarudi kwetu. Ng'ambo ya barabara Shija akaanza kupunguza sauti ya redio. Siku ya pili akaizima. Siku ya nne alivua miwani, akaja na ndoo yake ya juisi, akakaa kwenye magunia yetu akiwagawia wateja wetu juisi ya tajiri wake, mdomo wazi. Ghala likawa linapanda. Mwenyekiti alipita na baiskeli, na safari hii alishuka.

Sasa nifike kwenye ukurasa wa hamsini na tatu. Wezi wamefika mtoni. Kizuizi hakuna, askari hakuna, wakivuka tu wamekwenda. Bibi amenasa sketi kwenye mti wa miiba na hawezi kusogea. Chausiku amepanda juu ya kichuguu, anawaona, yuko peke yake. Mwandishi ameandika maneno mawili tu: akapiga yowe.

Ninyi mngesoma hayo maneno mawili kama mnasoma tangazo la kupotea kwa kitambulisho. Mimi nilikuwa ndani ya kitabu. Nilikuwa juu ya kichuguu. Nikajaza kifua nikapiga mwano.

Mwano kwetu si kelele za kawaida. Ni yowe la hatari. Miaka ile wezi wa ng'ombe walikuwa wametuzidi na sungusungu ndio waliokuwa wakilinda vijiji, na sheria yao ilikuwa fupi. Ukisikia mwano unaacha chochote unachofanya, unachukua silaha, unakimbilia kule mwano ulikotokea, na unaurudia ili wa mbele yako asikie. Ukibaki nyumbani unatozwa faini. Na ukiupiga bure, bila mwizi, unatengwa. Kutengwa maana yake hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukupa moto wala maji, na hakuna wa kuleta pamba mbele ya uso wako.

Na mwano huo niliupiga kwa mapafu ya mizani.

Walikuja kutoka pande zote. Wanaume wenye pinde na mishale, wenye marungu, wenye majembe. Mmoja alikuwa na povu la sabuni mpaka masikioni na taulo ameishika kwa mkono mmoja, upinde kwa mwingine, na alipata shida kuchagua. Watu waliokuwa wakijadili mahari nyumba ya tatu walikuja wote, upande wa mume na upande wa mke, na mshenga akiwa bado na mguu wa kuku mkononi. Mbele yao wote alikuwa Mzee Maduhu, mtemi wa sungusungu, aliyezidi miaka sabini na bado alikimbia kuliko wanawe. Huyu Mzee Maduhu hakuna mtu aliyewahi kumwona akicheka. Wengine walisema hata meno hawajawahi kuyaona.

Akaniuliza ng'ombe ni wa nani. Nikasema ni wa bibi yake Chausiku. Akauliza Chausiku ni wa kitongoji gani. Nilimtazama Mzee Luhende, Mzee Luhende akatazama josho.

"Ni wa ukurasa wa hamsini na tatu, baba," nikasema.

Yule wa povu alikaa chini taratibu. Mzee Maduhu hakupandisha hata sauti. Alisema baraza litakaa siku ya tatu papa hapa uwanjani, na mpaka siku hiyo nisiongeleshwe. Akageuka, na wote wakageuka naye, hata wale waliokuwa wakinisikiliza dakika chache kabla na bado macho yao yalikuwa na machozi ya kicheko.

Siku tatu zile msiombe ziwapate. Asubuhi nilisimama kwenye mizani kama kawaida. Watu niliowajua kwa majina ya mama zao walipita wakitazama vidole vyao vya miguu, wakavuka barabara na magunia. Shija akawa na foleni ndefu kuliko aliyowahi kuipata, na hakufurahi hata kidogo, maana alitaka kujua kama wezi walivuka mto na hakuruhusiwa kuniuliza. Alikuwa ananitazama kwa huzuni huku akipima. Nilikwenda kisimani, wanawake wakainua ndoo zao wakasogea. Hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa ningejibu, ninyi mnanijua, lakini kimya kile kilinimaliza.

Mzee Luhende peke yake ndiye aliyepata njia. Alikuja akanipa mgongo, akaanza kuongea na mizani. Aliiambia mizani kwamba kama kuna mtu yuko karibu nayo, viazi vyake viko ndani ya kapu vitapoa. Jioni akaiaga mizani, akaitakia usiku mwema, akaiambia isilie sana. Nilikula vile viazi huku machozi yanaingia mdomoni, nikawaza kwamba sasa basi, kituo kimekwisha na mimi nimekwisha, na kilichonimaliza ni fahali mwenye gauni.

Siku ya baraza uwanja ulijaa. Mzee Maduhu alikaa katikati kwenye kigoda chake, upinde magotini. Alieleza kosa langu kwa maneno machache, na kwa kweli alilieleza vizuri, sikuwa na cha kupunguza. Akaniuliza nina la kusema. Nilikuwa nimepanga kuomba radhi, magoti yenyewe yalikuwa yameshaanza kukunjika, lakini ulimi ukaenda njia yake. Nikasema kwamba hawawezi kuhukumu yowe bila kujua lililoletwa na nini, na kwamba nasomewa kosa lakini kosa lenyewe hawajalisikia. Niliomba nisome.

Wazee waliinamiana wakanong'ona. Mzee Maduhu akasema nisome, ila kwa sauti ya kawaida na nisirukeruke.

Nikaanza pale karanga zilipoishia. Mwanzoni nyuso zote zilikuwa ngumu. Kwenye gauni nikaona mabega ya mzee mmoja wa baraza yanatikisika. Kwenye pole shangazi, mwingine akajifanya anakohoa, akakohoa mpaka akapigwa mgongoni. Ile mmmh iliwamaliza. Waliokuwa wamekuja kunitenga walikuwa wanaegemeana, na yule wa povu, ambaye sasa alikuwa amevaa nguo, alikuwa anapiga ardhi kwa kiganja. Mzee Maduhu peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, macho yamekodoka, mkono wake umeshika upinde. Niliogopa zaidi kuliko mwanzo. Nilidhani namkasirisha, nikasoma kwa kutetemeka, na kutetemeka kule kukaifanya hadithi izidi kutisha.

Nikafika mtoni. Bibi amenasa kwenye miiba. Mwizi mnene ameingiza mguu mmoja majini, anamvuta Bwana Harusi kwa mkanda wa gauni. Chausiku anapanda kichuguu. Nikapumua, nikainua macho kutoka kwenye ukurasa, nikajiapia moyoni kwamba yale maneno mawili nitayasoma kama tangazo la kitambulisho.

Sikuyafikia. Mzee Maduhu aliruka kutoka kwenye kigoda, akatupa kichwa nyuma, akapiga mwano.

Mimi nilikuwa na sauti ya mizani. Yule baba alikuwa na sauti ya utemi. Mbwa walilia mpaka vitongoji vya ng'ambo. Na watu wote uwanjani, kwa mazoea ya miaka, wakaupokea na kuurudia, mamia ya makoo kwa pamoja, na Shija naye, mtoto wa mjini asiyejua hata maana yake, aliupiga kwa nguvu kuliko wenyeji.

Kijiji jirani hakikuchelewa. Tuliona vumbi kwanza, halafu pinde, halafu kamanda wao akifika mbele, jasho linamtoka, anauliza wezi wako wapi. Tulikuwa tumerudiwa na akili mmoja mmoja na kila mtu anatazama miguu yake. Mzee Maduhu peke yake alikuwa hajarudi. Alinyoosha mkono.

"Wameelekea mtoni," akasema. "Mmoja ni mnene, na ng'ombe kavaa gauni."

Vijana sita wa kijiji jirani wakatoka mbio kuelekea mtoni kabla hatujawazuia. Walirudi alasiri, wamechoka, wakaapa kwamba nyayo wameziona na kwamba yule mnene anachechemea.

Sasa ikawa kesi. Kamanda wa kijiji jirani alipoelezwa, alitutazama usoni mmoja mmoja akitafuta kama anataniwa. Kisha akasema sheria ni moja kwa vijiji vyote, na aliyepiga mwano bila mwizi anajulikana. Macho yote yakamwendea Mzee Maduhu. Sikufurahi, niwaambie kweli. Nilikuwa nimeonja siku tatu za kutosalimiwa, nikamtazama yule baba mwenye miaka zaidi ya sabini, nikaona hatazimudu. Nikasimama nikasema kosa ni la msomaji. Mzee Maduhu akaniambia nikae. Akasema yeye hakulazimishwa na mtu, na kwamba akitengwa atatengwa.

Wazee wa vijiji viwili wakajitenga pembeni. Walirudi na hukumu ya ajabu kuliko zote nilizowahi kusikia. Kwamba kwa vile mtemi na mpimaji wameponzwa na mtu mmoja, yaani mwandishi, na mwandishi hapatikani, hatatengwa mtu. Mzee Maduhu atoe beberu aliwe na wote waliokimbia. Na kuanzia siku ile, anayesoma kitabu hadharani akikaribia mahali pa yowe, atangaze mara tatu kwamba wezi hawa ni wa kitabuni. Mtu wa povu akauliza kama kuoga kunaruhusiwa wakati wa kusoma.

Beberu aliliwa, lakini mimi nilibaki pembeni na sahani yangu. Maana kwa desturi yetu hukumu ya wazee haitoshi. Aliyekuzuilia salamu ndiye anayekufungulia, kwa mdomo wake, mbele za watu. Na Mzee Maduhu alikula kimya, akajifuta mikono, akaenda kwake bila kunitazama.

Usiku ule nilifunga nguo zangu kwenye kanga.

Asubuhi nilifungua ghala kwa sababu ni kazi na funguo nilikuwa nazo. Foleni ilikuwa ng'ambo, kwa Shija, ndefu, na haikuwa na kelele. Watu walikuwa na magunia yao lakini hakuna aliyekuwa anayaweka kwenye mizani. Walikuwa wanatazama barabara. Nami nikatazama, nikaona mkokoteni wa ng'ombe unakuja, magunia manne juu, na Mzee Maduhu anatembea kando. Alifika katikati ya lori la bluu na ghala letu, akasimamisha ng'ombe. Mzee Luhende aliacha kutafuna mbegu.

Akageuzia ng'ombe kwetu.

Alikuja mpaka kwenye mizani, akasimama mbele yangu, akasafisha koo ili hata walio ng'ambo wasikie.

"Mwangaluka, Minza."

Hiyo ni salamu ya asubuhi tu, wajukuu zangu. Mnaitoa kila siku bila kufikiri. Mimi niliitikia "mwangaluka, baba," na neno halikumalizika, nikalia mbele ya foleni nzima na sikuona haya. Nilipima magunia yake manne huku nalia. Nilipotangaza kilo zake sauti ilikatika katikati, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe hakuna aliyeniambia nirudie. Ng'ambo kule watu walianza kubeba magunia yao mabegani na kuvuka, na Shija alivuka nao, akiwasaidia kubeba.

Mzee Maduhu alikuwa amemaliza shughuli yake na hakuondoka. Alichagua gunia moja, akalibonyeza kwa kiganja, akakaa, akaweka upinde chini mbali kidogo na mkono wake. Nikatoa kitabu chini ya rula. Nikamuuliza, kwa heshima zote, angependa nianzie wapi.

"Pale nilipokukatiza," akasema.